Wamaya hawajatoweka: jibu kwa mcheza dansi aliyealikwa kwenye kazi ya pamoja

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mcheza dansi ya kisasa, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Leipzig. Nimealikwa kwenye kazi ya pamoja ya wachezaji watano wa nchi mbalimbali na mwanamuziki mmoja kutoka Mexico City. Mada ni utamaduni wa Wamaya. Nimeiona rasimu: piramidi, kalenda ya mwisho wa dunia, mchezo wa mpira, kisha binadamu anatolewa kafara. Mavazi ni manyoya na rangi ya mwili. Kati yetu hakuna Mmaya hata mmoja. Nilipouliza, kiongozi wa kazi alisema Wamaya walitoweka zaidi ya miaka elfu iliyopita, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa, na kwamba mimi kama Mwafrika nitaleta 'nguvu ya asili'. Mwakani onyesho litapelekwa Mérida, mji wa Yucatán huko Meksiko. Malipo ni mazuri na ninayahitaji. Lakini nimeona watalii wakionyeshwa 'ngoma za Kiafrika' kwenye hoteli za kwetu Pwani, na najua inavyouma. Je, nikatae? Na nikikubali, nitachezaje bila mwili wangu kusema uongo?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, la mkataba na la mwili, na yote nitayajibu. Ila kuna kauli moja ya kiongozi wenu ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu mengine yote yamejengwa juu yake.

Wamaya hawakutoweka. Kilichoanguka kati ya karne ya 8 na ya 9 ni utawala wa wafalme katika miji ya nyanda za kusini, kama Tikal na Palenque. Ukame ulirudi mara kwa mara, miji ikapigana, na wafalme waliojigamba kuwa wapatanishi wa watu na miungu wakakosa cha kuonyesha. Watu wakahama. Huko kaskazini Chichén Itzá ilistawi baada ya hapo. Ufalme wa Waitza, Wamaya wa kisiwa cha ziwa Petén Itzá huko Guatemala, haukuangushwa na Wahispania hadi 1697, wakati ule ule Fort Jesus yenu ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Leo kuna lugha zipatazo 30 za ukoo wa Kimaya, zinazozungumzwa zaidi kusini mwa Meksiko, Guatemala na Belize, na sensa ya Guatemala ya 2018 ilihesabu zaidi ya watu milioni 6 waliojitaja kuwa Wamaya. Wamo walimu, mawakili, madereva wa mabasi, na wamo wacheza dansi wenzako.

Angalia jinsi kauli ile inavyofanya kazi. Ukishamtangaza mtu kuwa marehemu, mali yake inabaki haina mwenyewe, na anayeiokota hana wa kumjibu. Sidhani kiongozi wenu ana nia mbaya. Huenda amesoma mabango ya watalii tu. Lakini rasimu yake yote imesimama juu ya kifo hicho ambacho hakikutokea.

Twende kwenye rasimu yenyewe. Hiyo "kalenda ya mwisho wa dunia" ni habari ya magazeti ya 2012. Tarehe 21 Desemba mwaka huo mzunguko mmoja mkubwa wa hesabu ndefu ya siku ulifika mwisho, mwingine ukaanza, kama mita ya gari inavyojaa na kurudi kwenye sifuri. Maandishi ya hekalu la Palenque yanataja maadhimisho ya mfalme Pakal yatakayoangukia mwaka 4772, na mtu anayengoja dunia iishe hapangi sherehe za mbali hivyo. Kalenda inayoishi hadi leo ni ile ya siku 260, yaani namba 13 zikizungushwa na majina 20 ya siku. Kwenye milima ya Guatemala wapo watunza siku, waitwao ajq'ij, wanaoihesabu bila kukatiza na kuitumia kuchagua siku ya kupanda, ya kuposa, ya kuombea wagonjwa. Kama kazi yenu inataka kalenda, hii ndiyo yenye nyama.

Kafara ilikuwepo, na sitaki kukupa Wamaya wa malaika. Mateka walichinjwa, na kuta za uwanja wa mpira wa Chichén Itzá zina picha ya mchezaji aliyekatwa kichwa. Lakini kuna jambo ambalo rasimu yenu hailijui. Vita vya Guatemala vilidumu kuanzia 1960 hadi 1996. Tume iliyoundwa chini ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake mwaka 1999: zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waathirika waliotambuliwa kikamilifu, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Walionusurika wako hai, na watoto wao wana umri wako. Ukipanda jukwaani na manyoya, ukachinjwa kwa taa nyekundu huku watu wanapiga makofi, unacheza kifo cha watu ambao makaburi yao ya pamoja bado yanafukuliwa. Hapo ndipo mimi ningeshikilia zaidi kuliko kwenye suala la mavazi.

Ingawa mavazi nayo yana mambo. Ngoma nyingi wanazoonyeshwa watalii kwenye fukwe za Yucatán si za Kimaya. Wale wanaume wanaoshuka kwa kamba kutoka juu ya mlingoti kule Tulum wanafuata mila inayojulikana zaidi kwa Watotonaki wa Veracruz, na ile misewe ya mbegu miguuni pamoja na mashada makubwa ya manyoya hutoka zaidi kwenye ngoma za Kiazteki za Meksiko ya kati. Hebu fikiria mtu achukue kuruka kwa Wamasai, kanga za Pwani na mdundo wa Burundi, avichanganye na kuviita ngoma moja. Umeshaliona hilo hotelini, sina haja ya kulieleza. Na manyoya marefu ya kijani ya ndege quetzal yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, kwa hiyo mbunifu wenu ajue anachoagiza.

Sasa dansi. Katika hili nadhani kiongozi wenu ameacha chakula mezani akaenda kulamba makombo.

Wafalme wa Kimaya walicheza, na walitaka ijulikane kwamba wamecheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nikolai Grube, mtaalamu wa maandishi ya Kimaya, alionyesha kwamba alama moja ya maandishi yao, inayojirudia kwenye mawe ya mji wa kale wa Yaxchilan na kwingineko, inataja kucheza. Ghafla picha nyingi zilizodhaniwa ni za watu waliosimama zikawa za watu wanaocheza. Ukizitazama utaona dalili: kiwiliwili kimenyooka, uso umegeuzwa pembeni, na kisigino kimoja kimeinuliwa kidogo tu. Hakuna kuruka wala kujipinda. Uzito wote uko kwenye mguu mmoja, na mguu wa pili unasubiri. Kwenye michoro ya ukutani ya Bonampak, huko Chiapas, ya mwaka 790 na kitu hivi, kuna msafara wa wanamuziki wenye kayamba, tarumbeta ndefu na gamba la kobe, na chumba kingine kina wachezaji kwenye ngazi za piramidi, viunoni wamevaa mbawa kubwa zilizotandazwa pande zote mbili. Mavazi ya namna ile yanaamua mwendo. Huwezi kuruka ovyo na mbawa kama hizo kiunoni.

Shahidi mwingine ni mtu wa ajabu. Diego de Landa, padri Mhispania aliyechoma vitabu vya Wamaya kule Maní mwezi Julai 1562, ndiye huyo huyo aliyetuandikia jinsi walivyocheza. Anasimulia ngoma ya watu wapatao 800 wenye bendera ndogo, wakitembea hatua za kivita mchana kutwa bila hata mmoja kutoka kwenye mdundo, wakiletewa chakula na maji palepale. Ustahimilivu, umoja, urefu wa muda. Vitu hivyo mcheza dansi wa kisasa anaweza kuvifanyia kazi hata kwa jozi moja ya soksi.

Kisha kuna Popol Vuh, maandishi ya Wak'iche', Wamaya wa Guatemala, yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16. Watu wengi wanakumbuka mapacha Hunahpu na Xbalanque wakicheza mpira dhidi ya mabwana wa kuzimu. Mpira, hata hivyo, hauwamalizi mabwana wale. Mapacha wanakufa, mifupa yao inasagwa na kumwagwa mtoni, wanarudi wakiwa maskini wawili waliovaa matambara, na wanashinda kwa kucheza. Wanacheza ngoma ya ndege wa usiku, ya kicheche, ya armadilo, ya tandu, ya magongo marefu. Wanachoma nyumba na kuirudisha nzima. Wanachinjana na kufufuana. Mabwana wa kuzimu wanapagawa, wanaomba na wao wachinjwe, na safari hii hakuna anayefufuliwa. Kama kiongozi wenu lazima awe na kafara, basi hii hapa: kafara ambayo ni mbinu ya wanyonge jukwaani, yenye kejeli na kicheko, nayo imeelezwa na wenyewe.

Na kuna Rabinal Achí, ambayo ndiyo ningependa uisome kwanza. Ni ngoma ya maigizo ya Waachi, Wamaya wa mji wa Rabinal, Guatemala, inayochezwa kila Januari, kilele chake kikiwa tarehe 25, siku ya Mtakatifu Paulo, kwa ngoma ya gogo lililochimbwa na tarumbeta mbili. UNESCO iliitambua mwaka 2005. Shujaa wa Kik'iche' ametekwa, analetwa mbele ya mtawala, anahukumiwa kufa. Mtu anakufa, ndiyo, lakini karibu muda wote ni maneno na hatua. Anaomba siku 260 akaiage milima na mabonde ya kwao. Anaomba kinywaji. Anaomba kucheza na binti wa ikulu. Na kila anayezungumza huanza kwa kuyarudia maneno ya mpinzani wake kabla ya kumjibu.

Hapo pana jibu la nusu ya swali lako la pili. Usiige hatua za Rabinal. Wanaozicheza huweka nadhiri, hujizuia, hupanda milima kusali kabla ya kuvaa barakoa, na wewe hukufanya lolote kati ya hayo. Lakini kanuni ya kurudia kauli ya adui kabla ya kuijibu unaweza kujifunza, ukaitaja waziwazi kwenye programu ya onyesho ilikotoka, na ukaifanyia kazi kwa mwili wako mwenyewe. Mwenzako anatoa sentensi ya mwendo. Wewe unaipokea nzima, unaibeba kwa uzito wako, ndipo unajibu. Jaribu kwa nusu saa uone heshima inavyozaliwa, na hasira pia. Vilevile kile kisigino: simama juu ya mguu mmoja, kiwiliwili kimetulia, uchelewe kuliko unavyozoea. Mwili unasema uongo unapovaa umbo la mtu mwingine na kudai ni lake. Unapofanya utafiti juu ya kanuni, na kumwambia mtazamaji kwamba huu ni utafiti, hausemi uongo.

Hiyo "nguvu ya asili" ikatae mapema, kwa upole kama unaweza. Umefundishwa dansi, una mbinu, unalipwa kwa mbinu. Anayekuita kwa sababu ya rangi anakutumia kama pambo la pili kando ya lile la Kimaya. Na wewe nawe usijidanganye upande wa pili: Uafrika wako haukupi kibali cha kuingia kwa Wamaya bila kubisha hodi.

Upo mlango mmoja ambao ni wa kweli kwako, na nashangaa rasimu haiutaji. Ni marimba. Huko Guatemala ndiyo ala ya taifa, na Wamaya wa nyanda za juu huipiga kwenye sikukuu za watakatifu, harusi na mazishi. Aina ya zamani ina vibuyu chini ya kila ubao, na kila kibuyu kina tundu lililozibwa kwa nta na utando mwembamba wa utumbo wa nguruwe, ili sauti itoke na mvumo wa kutetemeka. Mvumo huo utausikia pia kwenye timbila za Wachopi wa Msumbiji, na unapatikana kwa njia ile ile, nta na utando. Wanazuoni wengi wanaona ala hii ilifika na Waafrika waliopelekwa utumwani enzi za Wahispania. Wapo Waguatemala wanaolikataa hilo kwa hamaki, na ubishi huo wenyewe ni mada nzuri ya onyesho. Usiseme ni babu zako wa Mombasa walioipeleka, maana wengi wa waliofikishwa huko walitoka Kongo, Angola na Afrika Magharibi. Lakini unaweza kusimama mbele ya mpiga marimba wa Kik'iche' mkiwa na jambo la kuzungumza ambalo si manyoya.

Basi ukubali au ukatae? Kukataa ni haki yako na hakuhitaji maelezo marefu. Ila jua kwamba onyesho litaendelea bila wewe, pengine likiwa baya zaidi, na kodi ya nyumba itabaki palepale. Kukubali kimyakimya ndiko ninakokuogopea, kwa sababu jina lako litakuwa kwenye bango, na Mérida watakaa watazamaji wanaozungumza Kimaya nyumbani kwao. Njia ya tatu ni kukubali kwa masharti, na masharti hayo yaandikwe kabla ya sahihi, maana baada ya sahihi huwa maombi.

La kwanza kwangu ni kwamba awepo msanii wa Kimaya mwenye sauti ya kuamua na malipo sawa na wengine. Asiletwe kama mshauri wiki ya mwisho ili apige muhuri. Wasanii hao wapo. Kundi la Sotz'il, lililoanzishwa mwaka 2000 na vijana wa Kikaqchikel, jamii nyingine ya Wamaya, huko Sololá, Guatemala, limejenga dansi na maigizo kutokana na michoro ya kale, miendo ya wanyama na mafundisho ya wazee. Mmoja wa viongozi wake, Lisandro Guarcax, alitekwa na kuuawa Agosti 2010, na wenzake wakaendelea. Lakini usitarajie msanii mmoja awasemee wote. Mtu wa Yucatán hana mamlaka juu ya ngoma ya Rabinal, na ndani ya kijiji kimoja watu hawakubaliani kuhusu wageni na fedha zao. Kwa hiyo kazi iseme ni ya wapi: watu gani, mji gani, lugha gani. Neno "Wamaya" peke yake ni pana mno. Kisha ibada ya watunza siku isiigizwe, na kile ambacho mwenyeji ataomba kitolewe kitolewe, hata kama kimeshafanyiwa mazoezi. Mapato ya maonyesho yajayo nayo yawe na fungu la upande huo, kwa kiasi mtakachokubaliana.

Kiongozi akikuambia haya ni adabu tu, mkumbushe sheria. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ibara ya 31, linataja sanaa za jukwaani miongoni mwa vitu ambavyo wana haki ya kuvidhibiti na kuvilinda. Meksiko ilitunga sheria Januari 2022 inayozitambua jamii zenyewe kuwa wenye urithi wao na kutaka ridhaa yao kabla ya matumizi ya kibiashara. Kenya kwenu mna sheria ya maarifa ya jadi ya 2016, kwa hiyo wazo hilo si geni kwako. Kama onyesho lenu linaguswa na sheria ya Meksiko au la, mimi si wa kukuambia. Hilo ni la wakili wa haki za wasanii, na ukae naye ana kwa ana, mkataba mkononi, kabla ya safari ya Mérida kutajwa kwenye karatasi yoyote. Mwulize pia kuhusu rangi ya mwili: kama "rangi" inamaanisha kucheza bila nguo, kipengele hicho kinahitaji ridhaa yako ya maandishi na haki ya kubadili mawazo. Na wakitaka uchezee magongo marefu au kamba za juu, tafuta mwalimu wa fani hiyo studioni. Video haitakushika ukianguka.

Wiki hii, kabla hujamjibu, panda treni hadi Dresden, si mbali na hapo ulipo. Kati ya vitabu vinne vya kale vya Wamaya vinavyojulikana duniani, kimoja kiko kwenye maktaba ya mji huo tangu 1739, kurasa 78 za karatasi ya gome la mti. Tafuta kurasa za mwaka mpya. Utaona mtu mwenye umbo la oposumu, mnyama wa kule anayefanana na panya-buku, anatembea na fimbo, amebeba mungu mgongoni. Piga mchoro wake kwenye daftari lako, hasa miguu. Kisha mwandikie kiongozi barua fupi: unaipenda kazi, masharti yako ni haya, na unaomba mkutano wa wote watano pamoja na mwanamuziki, kwa sababu naamini hauko peke yako katika wasiwasi huu. Akikubali kukaa, mna kazi. Akisema tena kwamba hakuna wa kumwuliza, usitie sahihi, na uniandikie. Wapo viongozi wengine wanaotafuta wachezaji, na nitakuonyesha pa kuanzia.